Wasomaji Wanauliza: Barabara Haijui Mpaka wa Halmashauri

Tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu ajali za barabara zinazopita kwao, na hasa pale watu walipojaribu kufanya jambo wakakwama. Barua zilikuwa nyingi. Tumechagua sita, na waliozijibu ni wahandisi wa barabara, mtaalamu wa mipango miji na muuguzi wa kitengo cha dharura.

SWALI: Wataalamu wetu, hamjambo? Barabara kuu inapita katikati ya mtaa wetu. Tumeandika barua tatu kuomba matuta, hatujajibiwa. Mwezi uliopita vijana wakachanganya zege, wakaweka tuta la kwao. Usiku wa pili tu mwenye pikipiki alirushwa akavunjika bega. Sasa mtaa umegawanyika: wengine wanataka livunjwe, wengine wanataka la pili. Tufanyeje? – *Mwenyekiti wa mtaa*

JIBU: Mwenyekiti, pole kwa huyo aliyeumia. Tuta hilo livunjwe, na livunjwe mchana, kabla giza halijaingia. Halafu anzeni kuomba upya, safari hii mkiwa na namba mkononi.

Tuta la kujitengenezea huwa jembamba na lenye kimo kikubwa: nusu mita hadi mita moja kulivuka, sentimita 15 au 20 kwenda juu. Gurudumu la pikipiki linalipiga kama linavyopiga ukingo wa zege. Lori zito likipita kwa kasi halisumbuki sana, kwa sababu springi zinameza mshtuko. Matokeo yake tuta hilo linamwadhibu mwenye pikipiki, mwenye baiskeli na mgonjwa aliyelazwa kwenye ambulensi, na kumwacha yule mliyemkusudia. Likiwa la udongo ni balaa jingine: maji hutuama upande wa juu hadi lami inaanza kumong'onyoka.

Tuta sahihi la mviringo ni refu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, urefu wake kwa kufuata uelekeo wa gari ni mita 4, na kimo ni sentimita 10 katikati. Kwa kilomita 40 kimo hakibadiliki, ila urefu unakuwa mita 6.5, kwa kilomita 50, mita 9.5. Kwa hiyo anayetaka magari yaende polepole zaidi hapandishi kimo, anapunguza urefu, na hata hapo kuna kikomo. Fundi akitaka kukagua lile la mita 4, aanze kupima ukingoni: akiingia nusu mita akute kimo cha sentimita 4.4, mita moja 7.5, mita moja na nusu 9.4, na katikati 10. Plaiwudi iliyokatwa kwa vipimo hivyo na kusimamishwa juu ya tuta itamwonyesha kosa papo hapo, kabla lami haijapoa.

Tuta moja peke yake halifai. Dereva hufunga breki, hulivuka, kisha hukanyaga mafuta kufidia muda wake. Kwa mwendo wa kilomita 30 matuta yawe karibu kila mita 75. Ncha zake zisizibe mtaro, lakini pia zisiache upenyo wa pikipiki kukwepea kwenye njia ya watembea kwa miguu. Penye upenyo zisimikwe nguzo fupi. Tuta lipakwe rangi, liwe na kibao cha onyo kabla yake, na taa usiku. Tuta lisiloonekana usiku ni mtego.

Na hapa ndipo penye uzito kwenu, maana yenu ni barabara kuu. Gari linaloingia mtaani kwa kilomita 80 kwa saa halipaswi kukutana na tuta kama onyo la kwanza. Mwendo ushushwe kwa hatua: kibao cha 50 mahali ambapo nyumba zinaanza, matuta madogo ya mtikisiko (wengine huyaita rasta), kisiwa kidogo cha katikati kinachobana njia ili dereva ahisi ameingia penye watu, kisha kibao cha 30, na tuta la kwanza lije baada ya hapo. Rasta zina kelele, kwa hiyo zikae mbali na nyumba za kulala. Vinginevyo wenye nyumba ndio watakaoomba ziondolewe.

Sasa hizo namba. Pimeni mita 100 kwa utepe pembeni mwa barabara na mweke alama mbili. Mtu mmoja akae mwanzo na kuinua mkono gari linapopita alama, mwingine akae mwisho na saa ya simu. Gawanyeni 360 kwa sekunde mlizopata, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 4.5 ni kilomita 80, sekunde 7.2 ni kilomita 50. Sekunde 12 ni kilomita 30. Pimeni magari 100 yanayokwenda kwa uhuru, si yaliyo kwenye foleni, na mkae mahali ambapo madereva hawatawaona wakapunguza. Yapangeni kuanzia la polepole hadi la kasi, kisha mwangalie la 85. Mwendo wa gari hilo ndio mhandisi atakaoutazama kwanza. Barua inayosema "magari yanakimbia sana" huwekwa kwenye faili. Yenye orodha ya magari 100, tarehe, saa na ramani ya mkono inayoonyesha shule na kisima, ni vigumu kuifunika. Nakala moja ipelekeeni polisi wa trafiki, nyingine kituo cha afya.

SWALI: Mimi ni ofisa mipango. Barabara yetu ya kilomita 60 hivi inapita halmashauri tatu. Kila moja ina bajeti yake, kamati yake na takwimu zake, na kila mwaka kila moja inasema ajali nyingi ziko kwa jirani. Tunawezaje kuwa na mpango mmoja? – *Ofisa mipango*

JIBU: Ndugu ofisa, umelitaja tatizo ambalo vitabu vya uhandisi hulipita haraka. Dereva anayelala kwenye usukani huenda alianza kuchoka katika halmashauri ya kwanza, akapita kituo cha ukaguzi kilichofungwa katika ya pili, na akapinduka katika ya tatu. Kwenye takwimu, kosa lote ni la halmashauri ya tatu.

Msianze na kamati. Anzeni na fomu moja. Halmashauri zote tatu, polisi na hospitali wakubaliane kuandika mambo yale yale: tarehe na saa, mahali kwa nguzo ya kilomita pamoja na viwianishi vya simu, nani walihusika (mtembea kwa miguu, baiskeli, pikipiki, gari dogo, basi, lori), kila mmoja alikuwa akifanya nini (anavuka, anapinda, analipita gari jingine, amesimama), mwanga, hali ya barabara, na matokeo. Kifo kihesabiwe kama cha ajali iwapo majeruhi amefariki ndani ya siku 30. Bila kanuni hiyo, aliyekufa wodini siku ya tano anabaki kwenye vitabu kama "majeruhi", na barabara inaonekana salama kuliko ilivyo.

Hospitali ni lazima wawemo. Polisi huandika ajali walizoitiwa. Mwenye baiskeli aliyeanguka shimoni, au mwenye pikipiki aliyegongana na mwenzake wakamalizana kienyeji, polisi hawamjui, lakini daftari la majeruhi linamjua. Linganisheni orodha mbili kwa tarehe, saa, umri na jinsia, majina yakiwa yameondolewa. Mara nyingi orodha ya tatu inatoka kwa watu wenyewe: wauza maji na wenye vibanda vya pembeni wanaweza kukuonyesha kona ambayo kila wiki gari linaingia mtaroni bila mtu kuumia. Mahali hapo ni pa kutazamwa kabla mtu hajafa.

Takwimu zikiwa za miaka mitatu au mitano, chorea ajali zote juu ya ramani moja ndefu ya barabara, bila mistari ya mipaka. Tunasisitiza: mipaka ifutwe kabisa kwenye nakala ya kwanza. Utaona vichuguu, yaani mahali ambapo ajali zimelundikana, na pia utaona vipande virefu ambavyo ajali zimetawanyika lakini ni za aina moja, tuseme watembea kwa miguu usiku. Kichuguu hutibiwa kwa ujenzi wa mahali pale. Ajali zilizotawanyika hutibiwa kwa jambo linalorudiwa barabara nzima, kama njia ya miguu pembeni au taa.

Hapo kuna mtego ambao hata wataalamu hunaswa. Mahali palipopata ajali 6 mwaka huu huenda mwakani pakapata 3 bila mtu kugusa chochote, kwa sababu mwaka huu ulikuwa mbaya kuliko kawaida yake. Ukichagua mahali kwa takwimu za mwaka mmoja, ukapaka rangi, kisha ukatangaza umepunguza ajali kwa nusu, unajidanganya na fedha za watu zinaendelea kwenda kwenye rangi. Ndiyo maana tunataka miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada, pamoja na sehemu inayofanana ambayo haikuguswa, ya kulinganishia.

Baada ya ramani, hapo sasa undeni kikundi cha barabara yote: mhandisi na mpanga mipango wa kila halmashauri, polisi wa trafiki, mtu wa hospitali, mwakilishi wa walimu, wa wenye mabasi, wa madereva wa pikipiki, na wenyeviti wa maeneo yenye vichuguu. Wakutane kila miezi mitatu. Kikao cha kwanza kifanyike barabarani, kwa miguu, na kirudiwe saa mbili usiku. Mahali panapoonekana pa kawaida mchana huwa pengine kabisa usiku: kibao kimefichwa na jani, mstari wa katikati umefutika, taa za duka zinammulika dereva machoni.

Ugumu halisi ni fedha. Mgawo wa sawa kwa sawa unaonekana wa haki, lakini unajenga nusu kazi katika sehemu tatu. Tungependekeza halmashauri ziweke saini makubaliano mafupi kwamba orodha ya kazi ni moja, imepangwa kwa vifo na majeruhi mahututi vinavyoweza kuzuiwa, na fedha zinafuata orodha hata kama mwaka wa kwanza zote zinakwenda kwa jirani. Ili makubaliano hayo yasivunjike, kila halmashauri ipate kitu chepesi mwaka ule ule: vibao, kufyeka majani, viakisi kwenye kona. Kandarasi ya rangi na viakisi iwe moja kwa barabara yote. Tengeni pia fungu la kupaka upya. Rangi ya kawaida kwenye barabara yenye malori hufifia upesi, na mstari uliofutika ni sawa na ambao haukuwahi kuwepo.

Mwisho, vikomo vya mwendo. Tumeona barabara ambazo kibao hubadilika kutoka 80 hadi 50 kwenye mpaka wa kiutawala, porini, halafu kijiji kinachofuata hakina kibao chochote. Dereva akidanganywa na vibao viwili, cha tatu hakiamini. Kikomo kifuate maisha ya pembeni mwa barabara: penye watu wanaovuka 30, penye makutano bila ulinzi 50, na kwingineko kulingana na kona na upana.

SWALI: Mbele ya shule yetu pana alama za pundamilia, zimepakwa vizuri kabisa. Hata hivyo mwaka huu watoto wawili wamegongwa pale pale kwenye mistari. Kosa letu ni nini? – *Mwalimu mkuu*

JIBU: Mwalimu, pole sana, wewe na wazazi. Mistari ilimwambia mtoto kwamba hapo ni salama, wala haikumpunguza mwendo dereva. Kwenye barabara ya mwendo mkubwa, pundamilia peke yake inaweza kuwa hatari zaidi ya kukosekana.

Fanya hesabu hii na walimu wenzako. Barabara ya njia mbili ina upana wa mita 7. Mtoto hutembea karibu mita 1 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 7, ongeza 2 za kusita. Katika sekunde 9, gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 200. Kwa kilomita 30 linakwenda mita 75. Sasa nendeni kivukoni, mchuchumae hadi macho yawe mita moja kutoka ardhini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la kwanza, na mtazame kila upande. Mnaona mita 200? Kwa kawaida gari lililoegeshwa, kibanda, kichaka au mwinuko wa barabara umekata macho kabla hata ya mita 80. Mtu mzima aliyesimama haoni tatizo hilo, na ndiyo maana waliopanga kivuko hawakuliona.

Kazi zenyewe ni hizi, kwa mpangilio ambao sisi tungeufuata. Ondoeni maegesho mita 20 kabla ya kivuko na 10 baada yake, kwa nguzo au mawe makubwa yaliyopakwa rangi nje ya njia ya magari. Kibao cha "usiegeshe" peke yake hakitoshi. Kituo cha basi kihamishiwe mbele ya kivuko kwa uelekeo wa basi, ili abiria avuke nyuma ya basi na si mbele yake. Kivuko kiinuliwe kiwe tuta bapa, sehemu ya juu iwe na upana wa kuwatosha watoto wanaovuka kwa kundi. Katikati pawe na kisiwa cha upana wa mita 2, ili mtoto avuke njia moja, asimame, atazame upande mmoja tu, kisha avuke ya pili. Kisiwa ndicho tunachokipenda kuliko vyote hivi: kinamgawia mtoto tatizo katika sehemu mbili, na wakati huo huo kinambana dereva.

Kama barabara yenu ina njia mbili kila upande, pundamilia bila taa isiwepo kabisa. Basi la njia ya kwanza husimama kwa heshima, mtoto huingia, na gari la njia ya pili, ambalo halikumwona mtoto wala mtoto hakuliona, hupita bila kupunguza.

Walinzi wa kivuko wawe watu wazima, wavae fulana zinazoakisi mwanga na washike kibao cha "Simama". Mlinzi aingie kwanza barabarani, magari yasimame pande zote mbili, ndipo awaite watoto. Asiwapungie akiwa amesimama pembeni. Na kama shule ina uzio, mlango ufunguliwe kwenye barabara ndogo ya nyuma. Jambo hili la mlango limewaepusha watoto wengi na barabara kuu kabisa, na gharama yake ni ya fundi mmoja.

SWALI: Mnazunguka na matuta na visiwa, wakati kila mtu anajua chanzo cha ajali ni uzembe wa madereva. Wafungwe, ajali zitakwisha. – *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Msomaji wetu, dereva mzembe tunamtaka akamatwe kama wewe. Lakini tazama kinachotokea kwa dereva asiye mzembe. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mtu makini huhitaji sekunde moja hivi kuona na kukanyaga breki. Gari limekwisha kwenda mita 14, na kwenye lami kavu linahitaji nyingine 14 kusimama. Jumla 28. Kwa kilomita 30 jumla ni karibu mita 13. Kwa maneno mengine, mtoto akijitokeza mita 13 mbele, dereva wa 30 anasimama mbele yake, na dereva wa 50, aliye macho vile vile, anamfikia kabla breki haijaanza kushika.

Sweden ilianza kufikiri hivyo rasmi mwaka 1997, bunge lake lilipopitisha sera ya kutokukubali kifo chochote barabarani. Msingi wake ni mwili wa binadamu: watu hukosea, kwa hiyo barabara ijengwe ili kosa lisiue. Penye watembea kwa miguu, 30. Penye uwezekano wa kugongana ubavuni, 50. Penye uwezekano wa magari kukutana uso kwa uso, 70. Ukitaka zaidi ya hapo, tenganisha njia. Huko kwenye barabara nyingi pana waliweka waya wa chuma katikati, huku nafasi ya kupitana ikibadilishana pande, na vifo vya kugongana uso kwa uso vilipungua sana, kwa madereva wale wale.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani, na ajali ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wa miguu, baiskeli na pikipiki. Shirika hilo hilo linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Kifungo cha dereva baada ya msiba hakigusi namba hiyo. Ukaguzi wa mwendo usiotabirika, wenye faini ndogo isiyokwepeka, unaigusa. Watu hubadilika kwa uhakika wa kukamatwa kuliko kwa ukubwa wa adhabu.

SWALI: Mji wetu umejengewa barabara ya mchepuko ili malori yasipite sokoni. Miaka mitano baadaye mchepuko nao umejaa maduka, vituo vya mafuta na soko jipya, na watu wanagongwa huko. Nani alikosea? – *Mjumbe wa baraza*

JIBU: Aliyegawa viwanja. Mhandisi alijenga barabara ya kupita, ofisi ya ardhi ikaigeuza mtaa. Wala hatumlaumu mfanyabiashara, kwani palipo na magari pana wateja, na kumfukuza kwa tingatinga hakujawahi kudumu: hurudi ndani ya wiki, mara hii akiwa karibu zaidi na lami kwa sababu sehemu yake ya nyuma imevunjwa.

Kwa mchepuko ambao bado ni mtupu, amueni sasa, katika mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo zima na si wa mji peke yake, kwamba hakuna kiwanja kitakachofungua mlango kwenye mchepuko. Viwanja viupe mchepuko mgongo: mbele yao pawe na barabara ya ndani, na barabara hiyo iingie kwenye mchepuko mahali pachache palipopangwa. Makutano hayo yawe mizunguko, yaani vipilefti. Njia panda ya mikono minne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinakatana, kuungana au kuachana. Mzunguko wa njia moja una 8, na pale gari hulazimika kupunguza.

Kwa mchepuko uliokwisha jaa, kama wa kwenu, acheni kujifanya kwamba ni barabara ya mwendo kasi. Chagueni kipande chenye soko, mkipe mwendo wa 30, mkijengee barabara ya pembeni ya kupakia na kushusha, na uzio mfupi wenye nafasi za kuvukia pale watu wanapovuka sasa hivi. Njia ambayo watu wameikanyaga kwenye nyasi za katikati ndiyo ramani yenu ya vivuko. Ukiweka kivuko mita 150 kutoka hapo, hakitatumika. Wenye meza wahusishwe kupanga, kwa sababu wao ndio wanaojua mzigo unashushwa saa ngapi na upande gani.

SWALI: Kijiji chetu kiko kwenye kona mbaya. Ajali ikitokea sisi ndio wa kwanza kufika, na ambulensi iko mbali. Tunaogopa kuwaumiza watu zaidi. – *Katibu wa kikundi cha akina mama*

JIBU (kutoka kwa muuguzi wetu): Mama, mnafanya kazi kubwa. Chagueni watu 10 hadi 15 wanaoshinda karibu na kona, mafundi, wenye vibanda, waendesha pikipiki, wafunzwe pamoja na wahudumu wa kituo cha afya na warudie mafunzo kila mwaka.

Kwanza zuieni ajali ya pili. Watu wawili wakimbie pande zote mbili, mita 150 kutoka penye ajali, na wakae kabla ya kona, si ndani yake, wakiwa na vitambaa vinavyong'aa au tochi. Gari lizimwe, watu wasivute sigara. Anayepiga simu ataje nguzo ya kilomita, uelekeo, idadi ya majeruhi na kama kuna aliyebanwa. Andikeni namba ya nguzo ya karibu ukutani kwenye kibanda, kwa herufi kubwa, maana wakati wa taharuki hata mwenyeji huisahau.

Damu inayomwagika ndiyo inayoua upesi. Vaeni glavu au mifuko safi ya plastiki, kisha gandamizeni jeraha kwa kitambaa safi na mikono miwili bila kuachia kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haisimami, fungeni kitambaa kipana, umbali wa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, pasiwe kwenye kiungo, kazeni kwa kijiti hadi damu ikome, andikeni saa, na msikifungue, atakifungua daktari. Kamba nyembamba na waya hukata nyama, msizitumie.

Asiyejitambua lakini anapumua alazwe ubavu, kichwa na shingo vikiwa sawa na mwili, mkimgeuza watu watatu au wanne kwa hesabu moja. Msimvute mtu nje ya gari isipokuwa kuna moto, maji au hapumui. Helmeti msiivue kama mtu anapumua vizuri. Fungueni kioo chake cha mbele tu. Ikibidi kuivua kwa sababu hapumui, mmoja ashike shingo na taya, mwingine aivute taratibu. Msimpe maji wala chai, hata akiomba, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Kabatini wekeni glavu jozi 20, bandeji pana 10, vitambaa safi, mkasi imara, tochi mbili, fulana nne zinazoakisi mwanga, blanketi na daftari. Kwenye daftari hilo andikeni kila ajali, hata isiyo na majeruhi: saa, gari lilitoka upande gani, liliishia wapi. Kila miezi mitatu lipelekeni kwenye kikundi cha barabara, kama kipo. Kama hakipo, kwa mhandisi wa halmashauri, na mkae naye alifungue mbele yenu.